Milaya ya Mama Keji na Mkorea Aliyeshona kwa Bandi

Safari hii ilinigharimu shilingi laki mbili na elfu arobaini na sita, na nimehesabu mara mbili. Humo mna nauli, malazi, chakula, chupa mbili za asali, nyembe, na bakuli langu la plastiki lililobaki Ludara. Siku tano za kibanda kufungwa sijazitia, maana nikizitia nitalia. Ninyi wenzangu wa mstari wa vitenge, hapa soko la Arua, hamjaniacha nipumue tangu nirudi: Zaitun, umerudi bila robota hata moja, faida iko wapi, na mbona unatembea kifua mbele kama mama wa bwana harusi? Nimechoka kusimulia vipande vipande huku wateja wakinishikia kitenge mkononi. Basi nimeandika. Someni mpaka mwisho, maana mwishoni kuna swali, na swali hilo limenishinda.

Jumatano, kama saa nne asubuhi, ndipo mambo yalipoanza, na wengi wenu mlikuwepo. Alikuja mama mmoja mfupi, nywele zimeanza mvi, miwani imening'inia shingoni kwa utepe wa kupimia. Wapagazi wakapiga kelele, "Muchina! Muchina, kuja hapa!" Akageuka taratibu.

"Mimi Mkorea. Mchina ni jirani. Wewe nikikuita Mkongo utafurahi?"

Mstari mzima ukacheka, na mpagazi mwenyewe akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama mikono. Kila kitenge alichoshika alikigeuza kwanza akatazama nyuma. Nikajua huyu si mtalii. Mtalii hutazama maua. Mtu wa nguo hutazama mgongo wa kitambaa. Nilikuwa nimejiandaa kuanzia elfu tisini. Nikaanzia sabini, kwa heshima. Akashika kifua kama mtu aliyechomwa mwiba, akasema kwa Kiswahili cha Nairobi, "Mama, hiyo iko juu. Mimi nimetoka kwa mafundi, si kwa ndege." Tukamalizana arobaini na tano. Bado nilikuwa juu, lakini hilo libaki kati yetu.

Jina lake Sunhi. Kazi yake ni kubuni mavazi ya michezo ya kuigiza. Amezaliwa Busan, mji wa bandari huko Korea, akafanya kazi miaka mingi katika majumba ya michezo ya ng'ambo, na sasa ni mwaka wa nne anaishi Nairobi. Alikuwa anakwenda Koboko kuwavisha vijana wa kikundi kimoja cha maigizo, nusu wenyeji, nusu ndugu zetu waliovuka kutoka Sudan Kusini. Mchezo ulikuwa Jumapili. Masanduku yake ya vitambaa yalikuwa yamekwama uwanja wa ndege, na hakuna aliyejua yangekwamuka lini. Vitambaa vya mavazi ya kawaida alinunua kwangu. Lililobaki ni vazi moja, la mhusika mkuu, mama anayevuka mpaka. Kwa hilo alitaka milaya.

Kwa atakayesoma naye si mtu wa huku: milaya ni shuka la kitambaa cheupe ambalo wanawake wa Sudan Kusini hulidarizi kwa mkono, maua na ndege, miezi na miezi. Hutandikwa wageni wakija, na siku ya harusi ndilo linalosema huyu binti katoka nyumba gani. Nilimwambia za kuuza zipo, nitampata mwenye nazo kabla ya adhuhuri. Akatikisa kichwa.

"Zile zimeshonwa ziuzwe. Nataka moja iliyoishi."

"Bei ya kitu kilichoishi hakuna anayeijua," nikamwambia.

"Ndiyo maana nataka mtu anayejua kubishana bei."

Hapo aligusa penyewe. Nikafunga kibanda.

Alhamisi asubuhi tuliondoka Arua kwa gari dogo la kukodi. Dereva alitaja bei ya kwenda Kampala. Nikamkumbusha kwamba Koboko iko kaskazini. Vitambaa vyote tuliviweka nyuma, isipokuwa bahasha moja ya kitambaa, furushi dogo tu, ambayo Sunhi aliipakata kama mtoto mwenye homa. Tulipita Maracha, mihogo imesimama pande zote mbili za lami, na yeye bado ameipakata. Mimi nikiona kitu kinashikwa hivyo, nauliza.

Akaifungua mapajani. Ilikuwa kitambaa cha mraba kilichoungwa kwa vipande: chekundu, bluu, rangi ya chai, vingine vidogo kama stempu. Kwao huwa wanafungia vitu ndani yake, zawadi, chakula, nguo za msimu. Bibi yake mzaa mama alikiunga kwa mabaki ya mavazi ya watu wote wa nyumba yao. Kipande hiki ni cha mjomba aliyekwenda vitani, hiki cha mkono wa gauni la harusi la mama yake. Karibu na katikati palikuwa na mraba mmoja mweupe, mtupu.

"Na hapa?"

"Bibi hakumaliza. Alitia kipande cheupe kishike nafasi mpaka apate rangi. Kisha akafa."

"Na wewe hujatia rangi?"

"Miaka thelathini nimeogopa."

Nikatazama mihogo. Baadaye kidogo akaendelea mwenyewe. Mama yake alikuwa na meza ya vitambaa katika soko la Busan, na yeye alikulia chini ya meza hiyo, kati ya majora. Kutoka kule chini alikuwa haoni nyuso za wateja, anaona pindo na miguu tu. Akajifunza kumjua mtu kwa pindo: huyu ana haraka, huyu ni mjane, huyu kavaa nguo ya kuazima. Nikamwambia mimi nami nimelelewa chini ya meza, hapa hapa Arua, marehemu mama akiuza shanga na vitambaa kwa wanawake wa Kinubi. Tukatazamana. Ndugu zangu, mtu hutoka nchi ambayo hata kwenye ramani huioni bila kuinama, kumbe mmelala chini ya meza moja.

Koboko tulifika kabla ya saa sita. Ukumbi wenyewe ni wa mabati, ukuta mmoja umepakwa rangi, mitatu inasubiri. Vijana walikuwa mazoezini. Barazani pa duka lake, jirani na ukumbi, ndipo hukaa Fundi Taban na cherehani yake, mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kanisani. Kikundi kilikuwa kimemkodi amsaidie Sunhi. Alitupokea kwa mikono miwili, kisha akatuonyesha shati alilovaa.

"Angalia hii mushono. Nilishona mimi miaka saba imepita. Vuta. Vuta, mama, hapana ogopa!"

Nikavuta. Haikutoka hata sauti.

"Nguo ya Taban," akasema, "mwenyewe anaweza kufa, nguo inabaki."

Mchana tulikula ugali wa muhogo na mboga ya kunde iliyopikwa kwa simsim, na hapo ndipo Taban alipomuuliza Sunhi swali ambalo mimi nilikuwa bado nalitafutia mlango: mama mzima, mwenye akili, aliingiaje kwenye mambo ya maigizo?

Sunhi akacheka. Alikuwa msichana bado, anarekebisha nguo za watu mezani kwa mama yake. Mji wao ulitembelewa na wacheza ngoma wa vinyago. Mmoja wao mkono wa vazi lake ulichanika, ule mkono mrefu wa kwao unaopita vidole ukaning'inia. Akauleta sokoni. Mama mtu akasema hawa hawana pesa, achana nao. Yeye akaushona. Kweli hawakuwa na pesa, wakampa tikiti.

"Nilikwenda kuangalia mshono wangu," alisema, "si mchezo. Mchezo hata siujui ulikuwa wa nini. Yule mzee akarusha mkono juu, nguo ikapanda, ikakaa hewani, ikashuka polepole. Ukumbi mzima kimya. Watu wote wale wamenyamaza kwa sababu ya mkono wa nguo. Na mshono ni wangu."

Kesho yake alikwenda mlango wa nyuma wa jumba la michezo akaomba kazi. Wakampa kufua. Sasa, mavazi ya zamani ya kwao hayafuliwi yakiwa mazima. Unaifumua nguo yote, inarudi kuwa vipande, unaifua, unaitwanga juu ya jiwe kwa vijiti viwili mpaka ing'ae, kisha unaishona upya.

"Mwaka mzima nilikuwa ninafumua tu. Shule yangu ilikuwa kufumua. Kila fundi aliyeshona kabla yangu alinifundisha, na wengine walikwisha kufa."

"Walikulipa?" nikauliza.

"Chakula."

"Hapa sokoni hiyo tunaiita kazi ya bure."

"Kule pia," akasema.

Taban hakucheka. Alikuwa ameacha kula. "Nguo nzuri, imeshonwa vizuri, mutu anakaa chini anafumua?" Akatazama cherehani yake kama mtu aliyesikia habari mbaya za ndugu. Tonge lake lilikuwa limesimama njiani kwenda mdomoni, nililiona, lakini sikulitilia maanani.

Ijumaa tulipanda boda kwenda Ludara, mbili, mimi na asali, yeye na bahasha yake. Mmoja wa waigizaji ndiye aliyetuelekeza kwa Mama Keji. Huyu ni Mkakwa wa ng'ambo ya pili, aliyevuka miaka kadhaa iliyopita, na kwa kuwa Wakakwa wako pande zote mbili za mpaka, alipata binamu aliyempa kipande cha kulima. Tulimkuta akianika muhogo juu ya mwamba. Mwanamke mnene kiasi, mdomo mkali, jicho la kupima mizani. Nikasema moyoni: Zaitun, leo umekutana na mwenzio.

Salamu zilichukua muda wake. Asali ikakaa chini katikati yetu. Tukapewa viti, tukapewa karanga kwenye bakuli lake, nami nikatoa bakuli langu la mandazi. Nikaanza mbali, mvua, bei ya simsim, mpaka nikafika kwenye mashuka. Akaniangalia.

"Milaya yangu hapana ya kuuza. Hata ukileta ng'ombe."

"Nani amesema ng'ombe? Mimi nimeleta maneno tu."

"Maneno iko mingi Koboko. Mulitoka huko kuleta ingine?"

Ilibidi nicheke. Sunhi akasogeza kiti mbele. "Si kununua, mama. Kuazima."

"Mutu anaazima sufuria. Anaazima jembe. Milaya nani anaazima?" Akakung'uta unga mikononi. "Binti yangu anaolewa Desemba. Wakwe wanakuja, wanaangalia: hii nyumba iko na nini? Hatuna ng'ombe, hatuna nyumba ya bati. Iko hii moja tu. Ikiharibika, mutoto yangu anakaa juu ya nini mbele ya watu?"

Hapo hakuna bei, wenzangu. Mimi nimezoea "hapana" ya kupandisha bei, na "hapana" ya njaa, na "hapana" ya mume asijue. Hii ilikuwa "hapana" yenyewe. Nikaanza kukusanya bakuli langu.

Sunhi akauliza, kwa sauti ya chini, "Ulivuka nayo namna gani?"

Mama Keji akainuka. Kisha akaingia ndani, akatoka na shuka limekunjwa. Akalifungua. Tausi wawili katikati, mizabibu ukingoni, nyekundu na kijani na ile njano ya yai la kienyeji, kila uzi umelala ndugu na mwenziwe. Wengine hudarizi na maneno; yeye hakuandika neno, maua yalitosha. Akalizungusha mwilini. Akalikunja kifuani, akalipitisha begani, akalikaza kiunoni, akavuta gauni lake la kazi juu yake.

"Hivi. Siku tatu njiani. Askari anatafuta mizigo yangu, anasema wewe mama huna kitu? Ninasema sina kitu." Akacheka, akapiga tumbo. "Nilikuwa navaa nyumba yangu yote."

Sunhi alikuwa amesimama. Hakuchukua picha. Alizunguka akimtazama mikunjo, mkunjo baada ya mkunjo, midomo inacheza kama mtu anayehifadhi sala.

"Mama," akasema, "hilo ndilo vazi. Sitakata. Sitapitisha mkasi hata mara moja. Nitakunja kama wewe ulivyokunja, nitashika kwa bandi, ule mshono mrefu wa muda. Ukivuta uzi, linarudi shuka."

"Maneno," akasema Mama Keji, lakini safari hii taratibu.

Ndipo nikafanya kazi iliyonitoa Arua. Nikasema: mama, sokoni kwetu mtu tusiyemjua akitaka kitu bila kukilipia, anaacha rehani, kitu ambacho na yeye kikipotea atalia. Wewe uchague. Mama Keji akamwangalia Sunhi toka viatu mpaka miwani. Akaangalia saa, akaipita. Akaangalia simu, akaipita. Kidole kikasimama kwenye bahasha.

"Ile."

Nikamwona Sunhi rangi inamtoka. Nilikuwa tayari kumpendekezea arudi kwenye simu. Lakini akaifungua kwa mikono miwili, akampa kwa mikono miwili, akisema, "Ya bibi yangu." Mama Keji, jambo la kwanza, akaigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye mishono ya nyuma, polepole.

"Mugongo yake iko safi," akasema. "Bibi yako alikuwa mutu." Akafika kwenye mraba mweupe. "Na hapa?"

"Hakumaliza."

Mama Keji akatikisa kichwa, hakuuliza tena. Tukaachana hivyo: milaya mikononi mwetu, kitambaa cha bibi mikononi mwake, asali ndani, na bakuli langu la mandazi limesahaulika juu ya mwamba. Naye akaahidi kuja Jumapili, si kwa ajili ya mchezo, alisema, bali kulinda mali.

Jumamosi kutwa Sunhi alikuwa na vazi lile barazani kwa Taban. Mwigizaji, dada mmoja mwembamba wa Abuku, jirani na Koboko, alisimama kama mlingoti huku akizungushiwa shuka, na Sunhi amepiga magoti, sindano mdomoni. Alishona mishono mirefu, legelege, uzi mmoja kila ubavu, bila fundo mwishoni. Ncha zote mbili zilikutana kifuani, zimefichwa chini ya tausi. Alinieleza mwisho wa mchezo: yule mama kamaliza njia, watu wa ugenini wanamcheka kwamba kaja mikono mitupu, kuna binti anaolewa na hakuna cha kutandika. Hapo mama anavuta nyuzi, vazi linafunguka mbele ya watu wote, linatandikwa, bibi arusi anakaa. Mwigizaji chini yake kavaa gauni jeupe. Wakalijaribu. Nyuzi zikatoka kama maji, milaya ikaanguka nzima, na mimi nikapiga kigelegele peke yangu kama mwehu.

Taban alikuwa ameweka mikono nyuma. "Hii mushono," akaniambia kando, "iko ya mutu mvivu."

"Ndivyo anavyotaka, Fundi."

"Watu watajaa hapa. Nguo ikianguka, watauliza fundi iko nani. Watasema Mukorea? Hapana. Watasema Taban."

Sunhi akalishona upya jioni ile, tukalitundika dukani kwa Taban, tukaenda kulala.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nilikwenda kulichukua. Mazoea ni mazoea: nikapitisha mkono ubavuni, nikavuta kidogo kama ninavyovuta kila nguo ninayoshika. Haikutoka hata sauti. Nikavuta tena. Nikaigeuza. Ubavuni mwote, toka kwapani mpaka pindoni, cherehani imepita mara mbili, mistari miwili imenyooka kama reli, na miisho imekazwa. Begani vilevile.

"Taban!"

Alitoka amevaa suti, anatabasamu kama aliyenunulia watu soda. "Umeona? Nimeamka, nimekwenda ibada ya kwanza, nimerudi, nimeokoa sisi wote."

Sunhi alipofika nyuma yangu alitazama mara moja tu. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye benchi, akasema, "Wembe." Mchezo ulikuwa saa tisa na watu walikwisha anza kuingia. Nikakimbilia duka la mbele nikanunua nyembe, tukalilaza vazi mezani, tukaanza, yeye ubavu huu, mimi ule. Uzi wa Taban mnaujua ulivyo. Kila mshono unakatwa peke yake, na chini ya wembe ni kazi ya mikono ya mtu, na binti yake, na wakwe zake. 

Kivuli kikaingia mlangoni. Mama Keji, kavaa nguo ya kanisani, bahasha ya Sunhi kwapani. Anaona milaya yake imelala mezani na watu wawili wako juu yake na nyembe.

"Eeh," akasema. Basi. Neno hilo tu.

Nimewahi kushikwa na askari wa forodha, nimewahi kushikwa na mke mwenza. Afadhali hao. Aliyesema ni Taban, suti yake na yote. Alikuja akasimama kati ya mama na meza.

"Mama, hawa hapana makosa. Mimi. Niliona mushono iko dhaifu, nikaongeza nguvu. Nilidhani nguo inataka nguvu."

Mama Keji akamsogeza kwa mkono kama pazia. Akainama, akaangalia reli mbili za Taban kwa muda mrefu.

"Imenyooka," akasema.

"Asante, mama," Taban akajibu, masikini.

"Hapana shukuru. Sogea." Akavuta kiti, akanyoosha kiganja kwa Sunhi. "Lete hiyo wembe. Nyinyi munafumua kama munachinja kuku."

Alifumua yeye. Sunhi akakaa mbele yake akivuta nyuzi zilizokatwa, Taban akamulika kwa simu, mimi nikashika kitambaa kikazike. Mkono wa Mama Keji ulikwenda bila kusita. Sunhi naye alikuwa akimfuata nyuma tu, kila wembe ulipopita yeye kashafika, na sikuwasikia wakiulizana chochote. Mashimo ya sindano Mama Keji aliyasugua kwa kucha na mate mpaka yakafumba. Palipoisha, Sunhi akaanza kushona bandi yake upya, na Mama Keji akachukua sindano ya pili akamalizia ubavu wa kushoto, mishono mirefu, legelege, bila fundo. Hakuna aliyemwelekeza.

Saa tisa na nusu, mchezo ulianza. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Sitawasimulia mchezo wote, nikisimulia nitatoza kiingilio. Nitasema vazi tu. Yule dada alipopita jukwaani, tausi wakatembea. Nyuma yangu mama mmoja alisema, "Hiyo milaya ya kwetu," na mwingine akasema, "Nyamaza, tunaona." Wale wa ugenini wakamcheka yule mama, kaja mikono mitupu, na watu ukumbini wakaanza kunguruma kwa hasira ya kweli. Akasimama katikati. Akatia mkono chini ya tausi. Nikamwona Taban pembeni amefumba macho.

Akavuta.

Shuka lilishuka taratibu, kana kwamba linasikiliza, likafunguka lote, jekundu na kijani na njano, na yule dada amesimama ndani ya gauni jeupe. Kimya. Sunhi alikuwa amenishika mkono, na najua alikuwa anaangalia nini: alikuwa anaangalia mshono. Halafu vigelegele, wenzangu! Wanawake wa pande zote mbili za mpaka walisimama, na Mama Keji, aliyekuja kulinda mali, alisimama kabla yao, anapiga kifua na kusema kwa yeyote aliyekuwa karibu, "Yangu! Mikono hii! Yangu!" Taban alipofumbua macho aliuliza, "Imeanguka?" Nikamwambia imeanguka vizuri. Jioni ile alimwomba Sunhi amfundishe bandi ile, akisema ni kwa kujua tu.

Baada ya watu kutoka, milaya ikakunjwa. Mama Keji akaipekua mbele na nyuma, akaridhika. Kisha akatoa bahasha ya rehani. Sunhi akaifungua.

Ule mraba mweupe haukuwa mtupu tena. Palikuwa na ua, jekundu, kwa uzi uleule wa mizabibu ya milaya. Petali nne zimejaa. Ya tano imechorwa ukingo tu, na sindano imechomekwa hapo na uzi wake.

Nikasema kimoyomoyo, tumekwisha. Miaka thelathini ameogopa kugusa, na mtu kajaza kwa siku mbili tu.  Sunhi akageuza kitambaa. Akapitisha kidole gumba nyuma ya ua, kama nilivyomwona Mama Keji akifanya Ludara.

"Mgongo safi," akasema.

"Ile ya mwisho utamaliza mwenyewe," Mama Keji akamwambia. "Mimi hapana bibi yako."

Jumatatu tulirudi Arua. Njiani Sunhi hakuipakata bahasha; aliitandaza mapajani, akatia uzi, akachomoa, akatia tena. Tulipopita Maracha nilimwona ameshona mshono mmoja. Nimejifunza nini? Mimi miaka yote hii nimesifia nguo kwa wateja kwa neno moja: vuta, haitoki. Sasa najua kuna mshono ambao ufundi wake wote ni kujua utakavyotoka. Na nimejifunza kwamba kutoka Busan mpaka Ludara wanawake wanaojua kazi hutazama mgongo kwanza, na mgongo wa kazi ya kwetu haukupatikana na dosari. Ndiyo maana natembea hivi ninavyotembea.

Sasa swali. Kwa sheria za mstari wetu, rehani hurudi kama ilivyokwenda. Milaya ilirudi kama ilivyokwenda. Kitambaa cha bibi kimerudi kimezidi ua. Sunhi anasema mwenye deni ni yeye. Mama Keji anasema ni yeye, kwa sababu watu walisimama kwa ajili ya mikono yake, na hilo hakuwahi kulilipia. Wote wawili wamekataa pesa, na wote wawili wameniambia niamue, eti dalali ni mimi. Desemba Sunhi amealikwa harusini Ludara, nami nimealikwa, bakuli langu nadhani litakuwepo. Jana amenipigia simu kutoka Nairobi kuniuliza: mtu aliyeiendeleza kazi ya bibi yako, unamwendea na nini mkononi?

Mimi Zaitun, ninayejua bei ya kila kitu kutoka hapa mpaka mpakani, nimekaa na swali hilo tangu jana, na sijapata hata bei ya kuanzia. Ninyi mnasemaje?